Huduma ya Kila Siku: Tunachojifunza kwa Daktari Adrian Atiman



Wengi wetu tukisikia neno "huduma" tunafikiria tukio: siku ya kutembelea wagonjwa, harambee ya kujenga kigango, au mchango wa msiba. Hayo ni mema, lakini Injili inadai zaidi. Katika Yohane 13, Yesu anawaosha wanafunzi wake miguu, kisha anawaagiza nao watendeane vivyo hivyo. Hakuwapangia siku. Miguu huchafuka kila siku, na huduma ya Mkristo nayo ni ya kila siku.

Miaka 67 Karema

Nchini mwetu tunao mfano mzuri wa maisha ya namna hiyo. Adrian Atiman alizaliwa karibu mwaka 1866 katika nchi ambayo leo ni Mali, akauzwa utumwani akiwa mtoto. Wamisionari wa Afrika walimkomboa, wakamlea Algeria, kisha akasomea udaktari Malta. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, alitaka vijana Waafrika wawe madaktari na makatekista kwa wakati mmoja. Mwaka 1889 Atiman alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akahudumu huko mpaka alipofariki mwaka 1956.

Katika miaka hiyo 67 Wajerumani walitawala wakaondoka, Waingereza wakaja, na vita vikuu viwili vikapita. Wagonjwa hawakuacha kuja, naye hakuacha kutibu na kufundisha dini. Hakuwa padre wala mtawa. Alioa, akalea familia, na mwanawe Joseph akapata upadre. Mtu aliyefanywa mtumwa kwa nguvu alichagua kuwa mtumishi kwa hiari. Kilichotofautisha hali hizo mbili ni upendo.

Kwa nini kila siku?

Katika masomo ya falsafa tunajifunza kwa Aristotle kwamba mtu huwa mwadilifu kwa kutenda uadilifu tena na tena, kama fundi anavyokuwa fundi kwa kujenga. Imani inaongeza kwamba mapendo ni zawadi ya Mungu, nasi tunaipokea zawadi hiyo kwa kuitendea kazi. Anayengoja nafasi kubwa ya kuhudumu huenda ikamkuta hajazoea.

Hapo sisi mafrateri tunapaswa kujihadhari. Tukifika nyumbani Iguguno kwa likizo, waamini hutupokea kwa upendo. Frateri hunawishwa wa kwanza, huwekewa kiti cha mbele, na akishika jembe huambiwa, "Acha, Frateri, utachafuka." Wanauheshimu wito, nasi tunawashukuru. Lakini anayezoea kuhudumiwa leo, daraja takatifu halitamgeuza kuwa mtumishi kwa siku moja. Basi tupokee heshima hiyo kwa shukrani, na jembe tusiliache.

Tuanzie wapi?

Iguguno haina uhaba wa nafasi. Wakati wa kuvuna alizeti na mtama, yupo mjane asiye na mtu wa kumsaidia shambani. Yupo mzee anayehitaji kuchotewa maji, si Jumamosi moja tu, bali kila wiki. Jumuiya ndogo ndogo inaweza kupanga zamu, ili mzigo usimwelemee mmoja na mzee asisahauliwe baada ya Kwaresima. Kila mmoja wetu achague huduma moja ndogo anayoiweza, aishike mwaka mzima, hata pale asiposhukuriwa.

Tusiwasahau pia wanaohudumu bila kutajwa matangazo yanaposomwa kanisani: mama anayeamka usiku kumgeuza mgonjwa, binti anayemwogesha bibi yake kila asubuhi, katekista anayetembea kwa miguu hadi kigangoni. Hao tayari wanaishi Yohane 13. Tuwaombee, na zaidi ya hapo tuwaulize leo wanahitaji msaada gani.

Mungu atujalie moyo wa kuhudumu bila kuchoka. Amina.