Frikadeller: nyama kidogo, watu wote wanashiba

Wamama wapendwa, na ninyi wababa munaopenda kuchungulia mu sufuria, leo tutembelee jiko la watu wa Denmark, kule Ulaya ya kaskazini. Chakula chao cha nyumbani, kile bibi anafundisha wajukuu, kinaitwa frikadeller. Ni buleti za nyama, lakini hazikuviringwa kama zile za Waswidi. Ziko ndefu kidogo, na bapa juu na chini.

Zamani kusaga nyama ilikuwa kazi ya kisu na jasho. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1800, mashini ya kusaga nyama na jiko la chuma viliingia mu nyumba nyingi, na kazi ikawa nyepesi. Mama mwenye nyama kidogo aliongeza unga, maziwa na yai, na watoto wote wakapata.

Kwa watu 4, tafuta hivi:
– nyama ya kusaga gramu 500, ya nguruwe, ao nguruwe na ndama pamoja
– kitunguu 1 na yai 1
– unga wa ngano vijiko vikubwa 4
– maziwa desilita 1 na nusu
– chumvi na pilipili manga

Koroga kwanza nyama na chumvi mpaka ishikamane. Kwaruza kitunguu, tia na vingine vyote, maziwa kidogo kidogo. Wengine wanatia maji yenye gazi pa nafasi ya maziwa, juu buleti iwe nyepesi. Acha ipumzike mu frigo nusu saa; usikimbie hapo, unga unakunywa maji.

Yeyusha siagi mu kikalango. Chovya kijiko mu ile siagi, chota nyama, itengeneze pa kiganja cha mkono. Kalanga kwa moto wa katikati, dakika 5 ao 6 kila upande. Pasua moja: ndani kusibaki rangi ya damu, kwa sababu nguruwe mbichi inaleta minyoo. Njo sababu usionje mbichi.

Wao wanakula na viazi vya kuchemsha, mchuzi wa kahawia na kabeji nyekundu. Zile zinazobaki, kesho yake wanaziweka baridi juu ya mkate mweusi wa shayiri nyekundu, unaoitwa rugbrød.

Lakini chakula hiki kilileta maneno pia. Katika Januari 2016, baraza la mji wa Randers liliamua kwamba nyama ya nguruwe ikuwe kati ya vyakula vinavyotolewa mu nyumba za watoto za mji. Wengine walisema ni kulinda desturi. Wengine walisema ni kuwachokoza Waislamu.

Ndugu msomaji, ku nyumba yako jibu iko rahisi. Kama mgeni hakuli nguruwe, saga nyama ya ng'ombe, ukalange mu kikalango safi, na umukaribishe pa meza ile ile.