Kabla ya kununua SUV ya kukokota mashua, jua ile 1500 ni ya nini

Hapa Pwani kuna wengi wanaotaka gari moja lifanye kazi mbili: wiki nzima lipeleke watoto shule, na Jumamosi likokote mashua kutoka nyumbani hadi Kilifi au Mtwapa. Pesa ni za gari moja tu, basi macho yote huenda kwa SUV ndogo zilizotumika, kina Forester, RAV4 na X-Trail. Swali la kwanza kwa dalali huwa, "Hii inavuta kilo ngapi?" Naye hufungua simu, akakuonyesha 1500, mkapeana mikono.

Ndugu msomaji, usitoe mkono bado.

Chukua Subaru Forester ya umbo la 2013 hadi 2018, ambayo imejaa katika barabara zetu. Ukisoma maelezo ya Marekani, Forester ya petroli ya lita 2.5 imepewa 1500. Ukisoma ya Australia, gari lilo hilo na injini ilo hiyo, utakuta 1500 pia. Lakini Wamarekani wanapima kwa ratili, na ratili 1500 ni kama kilo 680 tu. Waaustralia wanapima kwa kilo. Tofauti ni zaidi ya mara mbili, na namba ni moja! Kila nchi ina desturi zake za kukokota, mwendo wake na sheria zake, na kampuni hutoa idhini kwa kufuata hayo.

Na gari letu sisi halikutoka Marekani wala Australia. Kwa kawaida limetoka Japani, ambako watu wachache sana hukokota tela kwa magari kama haya, na mengi huuzwa bila chuma cha kuvutia nyuma. Kwa hivyo hiyo 1500 ya kwenye simu inawezekana si ya gari lako kabisa. Injini na giaboksi pia hubadilisha hesabu. RAV4 iliyouzwa Australia kuanzia 2013 yenye injini ya lita 2.0 na giaboksi ya CVT ilipewa kilo 800 tu, na ile ya lita 2.5 ikapewa 1500. Kwa nje, mtu asiyejua hawezi kuzitofautisha.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo madalali hawalitaji hata siku moja. Ile kilo 1500 ya Australia ni ya tela lenye breki zake lenyewe. Tela lisilo na breki, kikomo cha Forester hiyo ni kilo 750. Je, tela za mashua zinazochomelewa huku kwetu, ngapi zina breki? Mimi naziona nyingi ni chuma, ekseli na magurudumu mawili, basi. Kwa hivyo kwa wengi wetu namba ya kufanyia kazi ni 750, na ndani yake mna uzito wa tela lenyewe.

Tupige hesabu. Tuseme tela ni kilo 250 na mashua ya faiba ni 350. Injini ya farasi 40 hupita kilo 70. Petroli lita 50 ni kama kilo 37, kwa kuwa lita moja haifiki kilo. Nanga, kamba, kasha la barafu na vyombo vya uvuvi, weka 60. Umeshapita 750, na samaki hujavua. Usikisie. Lipeleke tela likiwa limejaa kwenye mizani ya magari, ulipe kidogo ujue.

Kuna uzito mwingine, ule unaokalia gololi ya nyuma ya gari. Kwa kawaida hutakiwa uwe karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela, na huhesabiwa kama mzigo wa gari pamoja na abiria. Ukiwa mdogo mno, tela huanza kuyumba kushoto na kulia ukienda kasi, na likishika hivyo hulivuta gari zima. Mashua zetu ni rahisi kuingia katika hatari hii kwa sababu injini iko tezi, nyuma kabisa. Dawa yake ni kuisogeza mashua mbele juu ya tela, au fundi arudishe ekseli nyuma.

Usidanganywe na cheti cha kutoka Japani pia. Kina uzito wa gari na uzito wa jumla, lakini ule wa jumla ni uzito wa gari ukiongezewa kilo 55 kwa kila kiti. Gari la viti vitano huongezwa 275, na hapo hakuna hata begi moja. Hautakwambia lolote kuhusu kukokota.

Ukifika yadini, lala chini uangalie kwa tochi. Dalali anayemcha Mungu atakutajia aibu za gari. Wengine itabidi uwasaidie. Matundu mapya au alama za kuchomelea chini ya bampa ya nyuma, na nyaya za taa zilizokatwa zikaungwa, zina maana gari limewahi kuvuta. Kutu iliyozidi upande wa nyuma huenda ni ya maji ya chumvi, kwa kurudishwa baharini kushusha chombo. Giaboksi ya CVT ndiyo ya kuogopa zaidi, maana mzigo huipasha moto na kuitengeneza ni ghali. Liendeshe nusu saa nzima, kisha lirudishe kinyumenyume kwenye mwinuko. Likitetemeka, likichelewa kushika, au mafuta yake yakinuka kuungua, tafuta jingine. Ukipata la kukuridhisha, fikiria njia ya feri pale Likoni maji yakiwa yamekupwa: mteremko mkali, foleni, kusimama na kuondoka. Hapo ndipo giaboksi na breki hupata mtihani, si barabara ya Malindi iliyonyooka.

Tela nalo lina usajili wake, namba yake ikianza na herufi Z, na bima ni vyema uiulize kwa maandishi kama inakubali gari lako likokote na kwa uzito gani. Uliza kabla hujalipa gari.