Jua Linavyoharibu Madumu na Mpira wa Bomba

Ndugu mfugaji, dumu likiachwa juani kiangazi chote hupauka, hukakamaa, kisha hupasuka. Mpira wa bomba la mgongoni nao hufanya nyufa, na dawa ya kupe humwagikia anayeogesha.

Plastiki na mpira vimejengwa kwa nyuzi ndefu zisizoonekana kwa macho. Joto na mwanga wa jua huzikata; oksijeni iliyo hewani huingia palipokatika na kuendeleza uharibifu. Viwandani huongezwa kinga. Mojawapo ni masizi, ndiyo maana matangi mengi ya maji ni meusi. Lakini kinga nayo huisha.

Fanya hivi, hasa Septemba na Oktoba, joto la Tabora linapozidi:

1. Weka madumu na bomba kivulini, mbali na moto.
2. Ukimaliza kuogesha, suuza bomba. Maji hayo yamwage mbali na kisima na lambo.
3. Kabla ya kuogesha, pinda mpira kidogo. Ukiona nyufa, badilisha.
4. Okota vipande vya plastiki malishoni na zizini. Ng'ombe akivila, vyaweza kuziba tumbo na kumuua.
5. Dumu la dawa lisibebe maji ya kunywa kamwe, hata likiwa zima.