Nani Atoe Amri? Mafunzo na Uongozi wa Waokoaji wa Kujitolea katika Mwambao wa Ziwa Tanganyika, Mkoani Kigoma

Ikisiri

Makala haya yanafafanua uhusiano uliopo kati ya mafunzo na uongozi katika uokoaji wa kujitolea kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, mkoani Kigoma. Hoja kuu ni kwamba mafunzo yanayomlenga mwokoaji mmoja mmoja hayatoshi, kwa kuwa ajali ya majini huwakutanisha watu wa vyombo mbalimbali ambao hawajawahi kukubaliana nani awaongoze. Hoja hiyo inajengwa kwa kulinganisha matukio mawili yanayofahamika: kuhamishwa kwa wakimbizi kutoka Kagunga mwaka 2015 na ajali ya ndege ya Bukoba mwaka 2022. Makala yanapendekeza kwamba mafunzo yaanzie kwenye mamlaka ya nahodha, ambayo jamii ya wavuvi inayo tayari, na kwamba utaratibu wa kukabidhiana uongozi uwe sehemu ya mafunzo yenyewe.

1.0 Utangulizi

Huduma ya zimamoto na uokoaji Tanzania Bara inasimamiwa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lililo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, kwa mujibu wa Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji Na. 14 ya mwaka 2007. Mwananchi mwenye dharura hupiga namba 114. Katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji, gari la zimamoto huweza kufika Mwanga au Ujiji kwa barabara. Hali ni tofauti katika vijiji vya mwambao vilivyobanwa kati ya milima na maji, kama vile Mwamgongo na Kagunga upande wa kaskazini, ambako kwa muda mrefu njia ya kawaida ya usafiri imekuwa boti. Huko, anayemfikia kwanza mtu aliyepinduka na mtumbwi ni mvuvi aliyekuwa karibu. Vivyo hivyo, anayeanza kuzima moto wa nyumba ni jirani mwenye ndoo.

Katika nchi nyingine watu wa namna hii wana jina na daraja rasmi. Zimamoto wa Chile ni watu wa kujitolea tangu kikosi cha kwanza kilipoundwa Valparaíso mwaka 1851. Nchini Uingereza, taasisi ya uokoaji baharini ya RNLI, iliyoanzishwa mwaka 1824, hutegemea zaidi mabaharia wa kujitolea wanaoacha shughuli zao za kila siku pindi wanapoitwa. Kinachowatofautisha waokoaji hao na mvuvi wa Kigoma si moyo wa kujitolea. Wao wameandikishwa, hufanya mazoezi pamoja, na kila mmoja anajua amsikilize nani.

Katika makala haya, "mwokoaji wa kujitolea" ni mtu yeyote anayeshiriki uokoaji bila kuajiriwa kwa kazi hiyo, awe ameandikishwa au hakuandikishwa.

2.0 Mamlaka Yaliyopo Mwambaoni

Ingekuwa kosa kudhani kwamba mwambao hauna uongozi. Upo, na una tabaka tatu.

Tabaka la kwanza ni nahodha. Ndani ya chombo chake neno lake ndilo la mwisho: ndiye anayeamua kama hali ya hewa inaruhusu kutoka, lini nyavu zivutwe na lini warejee. Mamlaka haya hayatokani na barua ya uteuzi. Yanatokana na uzoefu ambao wenzake wameushuhudia. Tabaka la pili ni Vikundi vya Usimamizi wa Rasilimali za Uvuvi, maarufu kwa jina la BMU, vinavyotambuliwa na sheria na kanuni za uvuvi. Vikundi hivi vinawajua wavuvi na vyombo vya mwalo wao, ingawa jukumu lao la msingi ni kulinda samaki na kudhibiti uvuvi haramu. Tabaka la tatu ni serikali ya kijiji au mtaa, ambayo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 ina kamati ya usimamizi wa maafa.

Tatizo hujitokeza pale tabaka hizi zinapokutana. Kamati ya maafa ina uhalali wa kisheria, lakini haipo majini usiku wa manane. BMU ina orodha ya vyombo, lakini haikuundwa kuongoza uokoaji. Nahodha yupo majini, lakini amri yake inaishia kwenye ukingo wa chombo chake. Vyombo vitano vikikutana penye mtumbwi uliopinduka, manahodha ni watano na hakuna aliye juu ya mwenzake. Wahenga walikwisha kuliona jambo hili waliposema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Madhara yake yanaeleweka kwa urahisi. Vyombo vyote huweza kumkimbilia mtu yule yule anayepiga kelele, huku aliyechoka na kunyamaza akizama. Chombo kinachosogea bila kuzima injini huhatarisha walio majini kwa rafadha yake. Waliookolewa wakipelekwa kwenye mialo tofauti bila kuhesabiwa, hakuna anayeweza kusema kama utafutaji uendelee au usitishwe. Hakuna hata kosa moja kati ya haya linalotokana na woga au uvivu.

3.0 Kagunga na Bukoba: Tofauti ya Muda

Mwezi Mei 2015, maelfu kwa maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walikusanyika Kagunga, kwenye ufuko mwembamba karibu na mpaka, na kipindupindu kikazuka. Meli ya MV Liemba, iliyoanza safari zake ziwani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kumalizika, ilitumika kuwapeleka Kigoma. Kwa kuwa meli haikuweza kutia nanga ufukweni, watu walipakiwa kwenye boti ndogo hadi ubavuni mwa meli, kisha wakapandishwa. Kazi hiyo iliendelea kwa majuma kadhaa, ikihusisha serikali, mashirika ya misaada na waendesha boti. Inaonesha kwamba vyombo vidogo vya mwambao huu vinaweza kufanya kazi pamoja kwa utaratibu pale wahusika wanapopata muda wa kupanga nani apakie, nani asubiri na nani aamue.

Ajali ya ghafla haitoi muda huo. Mfano ulio wazi zaidi nchini unatoka katika Ziwa Viktoria. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilianguka ziwani karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba ikiwa na watu 43. Watu 24 waliokoka na 19 walifariki, wakiwemo marubani wote wawili. Wavuvi walikuwa miongoni mwa waliofika mwanzo. Mmoja wao, Majaliwa Jackson, alieleza katika mahojiano yake na BBC kwamba alisaidia kufungua mlango wa nyuma kwa kutumia kasia, kisha akaenda upande wa marubani, ambako rubani alimwashiria avunje kioo. Alipata shoka, lakini kabla hajaitumia alizuiwa na mtu mwenye kipaza sauti, aliyesema kwamba mawasiliano na marubani yalikuwepo na kwamba maji hayakuwa yakiingia walipokuwa. Baadaye alijaribu kuvuta mlango wa dharura kwa kamba; kamba ikakatika, ikampiga, akapoteza fahamu.

Simulizi hii haitoshi kuamua nani alikuwa na haki pale majini, na si lengo la makala haya kuamua hivyo. Kinachoonekana ni kwamba watu wawili, kila mmoja akitaka kuokoa, walikuwa na taarifa tofauti. Aliyemwona rubani kwa macho hakuwa na mamlaka. Aliyekuwa na kipaza sauti alitegemea mawasiliano aliyoyataja. Haikuwepo njia iliyokubaliwa ya kuifikisha taarifa ya wa kwanza kwa wa pili ndani ya sekunde chache.

Baada ya ajali, Serikali ilielekeza kijana huyo aingizwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Hatua hiyo ilikuwa ya heshima na ya haki. Hata hivyo, kwa mtazamo wa mafunzo, ilimjibu mtu mmoja. Swali la mwalo alioutoka, yaani wenzake waliobaki watajipanga vipi ajali nyingine ikitokea, halijibiwi kwa kumwajiri shujaa.

4.0 Mafunzo Yanayojenga Uongozi

Ustadi wa mtu binafsi hauna budi kufundishwa. Shirika la Afya Duniani linataja kuwafundisha watu wa kawaida uokoaji salama na uhuishaji kama mojawapo ya njia kuu za kupunguza vifo vya kuzama. Mvuvi anapaswa kujua kwamba kumfikia mzamaji kwa kasia, kamba au dumu tupu ni salama kuliko kumwogelea. Kwamba uhuishaji wa aliyezama huanza na kumpa pumzi, maana alichokosa ni hewa. Na kwamba moto wa petroli ndani ya boti hauzimwi kwa kumwagiwa maji.

Juu ya ustadi huo yajengwe mambo matatu ya uongozi.

Kwanza, kanuni ya nani aanze kuongoza. Inapendekezwa kwamba nahodha wa chombo cha kwanza kufika, kama amepata mafunzo, awe kiongozi wa tukio bila mjadala, na chombo chake kijitenge kidogo ili aone eneo lote badala ya kujitosa kwenye kuvuta watu. Hili ndilo gumu zaidi kulifundisha, kwa kuwa linamtaka mtu hodari azuie mikono yake.

Pili, mipaka ya amri. Mfumo wa kuongoza matukio ya dharura uliobuniwa California baada ya mioto mikubwa ya mwaka 1970 unaelekeza kwamba mtu mmoja asiwasimamie moja kwa moja zaidi ya watu saba, na idadi inayofaa ni watano. Idadi hiyo inalingana vizuri na hali ya mwaloni: kiongozi huzungumza na manahodha watano, na kila nahodha huzungumza na watu wake kama alivyozoea. Amri ziwe chache na kwa Kiswahili, kwa sababu kwenye ziwa hili Waha, Wabembe, Warundi na wengine hukutana majini, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha.

Tatu, makabidhiano. Askari wa zimamoto au polisi anapofika, kiongozi wa tukio atoe taarifa ya mambo manne: wangapi walikuwemo chomboni, wangapi wameokolewa na wako wapi, wangapi hawajaonekana, na hatari gani ipo. Baada ya hapo uongozi unahama. Mafunzo haya yawahusu askari pia, wajifunze kuuliza kabla ya kuamuru. Askari anayewaondoa wavuvi bila kuwasikiliza hupoteza macho yaliyokuwepo tangu mwanzo.

5.0 Kalenda na Gharama

Ustadi wa uhuishaji hufifia ndani ya miezi michache usiporudiwa. Kwa hiyo semina moja yenye vyeti haitoshi. Mwambao una kalenda inayofaa. Uvuvi wa dagaa hutegemea taa, na siku za mbalamwezi wavuvi wengi hupumzika kwa sababu mwanga wa taa haushindi wa mwezi. Zoezi fupi katika siku hizo lisingemnyima mvuvi kipato chake. Usitishaji wa uvuvi uliotekelezwa na nchi nne za ziwa hili kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ulionesha pia kwamba kuna nyakati ambapo wavuvi wengi wako nchi kavu kwa pamoja.

Gharama nazo zitajwe bayana. Anayeacha nyavu usiku kwenda kuokoa hupoteza mafuta na mapato ya usiku huo. Kujitolea kusiwe na maana ya kugharimia. Kurudishiwa mafuta na kukatiwa bima ya ajali ni masharti ya msingi ya kikosi kitakachodumu.

6.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba mwambao wa Kigoma hauhitaji kuagiza uongozi wa uokoaji kutoka mbali. Nahodha anao, BMU ina watu, na kamati ya maafa ina uhalali. Kilichobaki ni kuviunganisha kwa makubaliano yanayofanywa mapema na kurudiwa katika mazoezi. Kagunga palikuwa na siku za kupanga. Bukoba palikuwa na dakika. Mtumbwi ukipinduka usiku mbali na mwalo, dakika hizo hazitatosha kwa mjadala wa nani atoe amri. Swali hilo linapaswa kuwa limejibiwa ufukweni, watu wakiwa wameketi, kabla upepo haujaanza kuvuma.