Sumukuvu: Mkojo Unavyotoa Siri ya Tulichokula



Mavuno yanapoingia ghalani hapa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, kila nyumba humshukuru Mungu. Lakini mahindi na karanga zilizoanikwa vibaya zaweza kubeba sumu isiyoonekana kwa macho wala kuonjeka kwa ulimi. Ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu. Mwezi huu tunaeleza jinsi wataalamu wanavyoitambua ndani ya mwili, na jinsi elimu hiyo inavyotusaidia nyumbani.

Jambo hili si la mbali. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumu hiyo na 20 kati yao wakafariki. Jirani zetu wa Kenya, mwaka 2004, waliugua 317 wakafa 125. Chanzo kilikuwa mahindi yenye sumukuvu.

Mwilini hutokea nini?

Sumukuvu iliyo kali kuliko nyingine huitwa aflatoksini B1. Mtu akiila, hufika kwenye ini. Kazi mojawapo ya ini ni kubadilisha vitu vinavyoingia mwilini, na kinachopatikana baada ya mabadiliko hayo huitwa metaboliti. Ini likiiongezea B1 atomi moja ya oksijeni, hupatikana metaboliti iitwayo M1. Hiyo hutoka kwa njia ya mkojo na pia maziwa. Ng'ombe akila mashudu yaliyoota kuvu, M1 huingia katika maziwa yake, na kuyachemsha hakuiondoi.

Sehemu nyingine ya sumu hushikamana na protini ya damu. Kwa hiyo mkojo huonyesha kilicholiwa siku moja au mbili zilizopita, na damu huonyesha cha wiki kadhaa.

Maabara huitambuaje?

Mashine maalumu huzipa molekuli chaji ya umeme, nazo huitwa ioni, kisha hupima uzito wake. B1 ina uzito wa 312, M1 ina 328. Ile tofauti ya 16 ndiyo oksijeni iliyoongezwa na ini.

Lakini iko sumukuvu nyingine, G1, yenye uzito uleule wa 328. Atomi zake ni zilezile za M1, ila zimepangwa kwa namna nyingine. Hapo mizani peke yake haitoshi. Wataalamu huzitenganisha kwanza katika kimiminika, na huzivunja ili wachunguze vipande vyake. Mashine za siku hizi zaweza kuongeza hatua nyingine: ioni husukumwa kwa umeme zipite ndani ya gesi. Fikiri watu wawili wenye kilo sawa wakipenya umati siku ya gulio. Aliyebana mikono hutangulia, aliyeitanua hugonga watu akachelewa. Vivyo hivyo ioni iliyojikunja hupita upesi kuliko iliyotanuka. Umbo na uzito, vikisomwa pamoja, husaidia kuijua molekuli ni ipi.

Katika nchi yetu watafiti walipima damu na mkojo wa watoto 166 wa Iringa, Tabora na Kilimanjaro, wakakuta alama za sumu za kuvu kwa wengi wao. Watoto hao hawakuwa wagonjwa mahututi. Walikuwa wanakula chakula cha kawaida cha nyumbani.

Ndugu msomaji, kipimo cha mkojo cha zahanati hakitafuti sumukuvu. Na hata kile cha mashine kubwa huja baada ya mtoto kula. Kinga iko mikononi mwetu, kabla ya chungu kuinjikwa. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwa mahindi katika Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo. Katika gunia la kilo 100 hiyo ni miligramu 1 tu, kidogo sana kuliko uzito wa punje moja.

Tufanye nini?

1. Tuanike mahindi na karanga juu ya turubai, si juu ya udongo.

2. Tupime ukavu: tia punje na chumvi kavu katika chupa kavu, tikisa. Chumvi ikiganda kwenye chupa, bado kuna unyevu.

3. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta na sakafu.

4. Tuchambue na kutupa punje zilizoota kuvu, zilizobadilika rangi au kusinyaa. Tusizipikie pombe wala kuwapa kuku na ng'ombe. Kuosha na kupika hakuimalizi sumu.

5. Karanga za uji wa mtoto zichambuliwe moja moja. Mama aendelee kunyonyesha, naye ale nafaka safi.

6. Watoto wapate chanjo zote, maana homa ya ini aina ya B ikikutana na sumukuvu, hatari ya saratani ya ini huongezeka sana.

Mtu akiona macho ya manjano, tumbo likivimba na kutapika, apelekwe hospitali mara moja, na mganga aelezwe alichokula. Nyumba nzima iache kula nafaka hiyo.

Mungu ametujalia mavuno. Tuyakaushe na kuyachambua vema, ili uji tunaowakorogea watoto wetu uwape uzima.