Ugeni kwa Waholanzi na Kumbukumbu Zake

Ugeni kwa Waholanzi huanza siku nyingi kabla ya mgeni kufika mlangoni, kwa kuwa katika nchi hiyo nyumba hufunguliwa kwa miadi: mtu anayependwa kwa dhati huulizwa kwanza ni tarehe gani na saa ngapi itamfaa, kisha jina lake huandikwa kwenye kalenda ya familia, ambayo aghalabu hutundikwa jikoni ikiwa na safu moja kwa kila mwanakaya. Kwa mtu wa pwani ya Afrika Mashariki, aliyelelewa katika desturi ya kupiga hodi wakati wowote na kuitikiwa karibu, utaratibu huu unaweza kuonekana mkavu, na wapo waliosoma Wageningen, Delft, Enschede au The Hague, miji ambayo vyuo vyake vimepokea wanafunzi wa Kiafrika kwa miongo mingi, waliorudi nyumbani wakiusimulia kama ushahidi wa ubahili. Hukumu hiyo haiwatendei haki wenyeji wao. Saa iliyoandikwa kwenye kalenda ni saa iliyotengwa, ambayo mwenyeji ameiondolea shughuli nyingine zote na kuinunulia chakula kwa idadi ya watu anaowatarajia, na kuanzia mgeni anapovua koti hadi anapoagwa hataachwa peke yake sebuleni huku wenye nyumba wakiendelea na mambo yao.

Ndani ya nyumba, kitu kinachoeleza mengi zaidi kuhusu urafiki kimewekwa mahali ambapo mgeni hatarajii kukikuta. Katika nyumba nyingi za Kiholanzi, ukutani mwa choo, hutundikwa kalenda ya siku za kuzaliwa, yaani kalenda yenye miezi na tarehe lakini isiyo na mwaka wala majina ya siku za wiki, ili itumike miaka na miaka bila kubadilishwa. Juu yake huandikwa kwa mkono majina ya ndugu, majirani na marafiki, kila mmoja kwenye tarehe aliyozaliwa. Kwa kuwa hakuna mwanakaya asiyeingia humo kila siku, hakuna tarehe inayoweza kumpita mtu bila kuonekana. Mgeni anayeombwa tarehe yake ya kuzaliwa, na baadaye akaliona jina lake kati ya majina ya mashangazi na wajukuu, ametiwa katika hesabu ya watu wa nyumba hiyo, na hana haja ya kungoja tamko jingine, kwani Waholanzi si wepesi wa kutamka mapenzi kwa maneno makubwa.

Siku yenyewe ya kuzaliwa inapofika, viti hupangwa kwa duara sebuleni, na kila anayeingia hulizunguka duara hilo akiwapa mkono waliomo, mmoja baada ya mwingine, au, kwa wale waliozoeana, akiwabusu shavuni mara tatu. Jambo linalowashangaza wageni ni kwamba pongezi hazitolewi kwa aliyezaliwa peke yake: mama yake hupongezwa kwa siku ya mwanawe, mume kwa siku ya mkewe, hata jirani kwa siku ya jirani yake, jambo lenye busara yake, kwa sababu kuishi kwa mtu mmoja huhesabiwa kuwa heri ya wote wanaomzunguka. Mtoto mchanga naye ana chakula chake cha pongezi. Wageni wanaokwenda kumwona huandaliwa tosti kavu ya duara iliyopakwa siagi na kunyunyiziwa mbegu za anisi zilizovikwa sukari, za rangi ya waridi na nyeupe kwa mtoto wa kike, za buluu na nyeupe kwa wa kiume. Anisi iliaminika tangu zamani kuwa huongeza maziwa ya mama, na wasomaji wanaokumbuka uji wa pilipili manga anaopikiwa mzazi pwani watalielewa wazo hilo bila kufafanuliwa zaidi.

Kuhusu vyakula vingine yatosha kusema machache. Asubuhi na mchana huliwa mkate wenye jibini au chembechembe za chokoleti, kahawa hunywewa karibu na saa nne asubuhi pamoja na biskuti, mara nyingi moja tu, na chakula cha moto hupakuliwa mara moja kwa siku, mnamo saa kumi na mbili jioni. Katika miezi ya baridi kinaweza kuwa viazi vilivyopondwa pamoja na sukuma wiki ya Kiholanzi na soseji ya kufukizwa moshi, ambayo kwa kawaida ni ya nguruwe, hivyo Mwislamu hana budi kumwarifu mwenyeji mapema. Akifanya hivyo atazingatiwa bila manung'uniko, kwani Mholanzi hupendelea kuambiwa jambo waziwazi kuliko kulibahatisha. Wali wenye vitoweo vingi vidogovidogo, pamoja na nyama za vijiti zenye mchuzi wa karanga, ni urithi wa karne za utawala wa Waholanzi katika nchi ambayo leo ni Indonesia, iliyojitangazia uhuru mwaka 1945.

Matembezi ndiyo sehemu ya ugeni ambayo wenyeji huipanga kwa furaha kubwa zaidi, na karibu yote hatimaye humfikisha mgeni kwenye maji. Takribani robo ya nchi iko chini ya usawa wa bahari, na hata anayetua uwanja wa ndege wa Schiphol hutua kwenye kilichokuwa sakafu ya ziwa, lililokaushwa kwa pampu za mvuke, kazi iliyomalizika mwaka 1852. Ardhi ya namna hiyo huitwa polda, maana yake eneo lililozungushiwa matuta na kutolewa maji, ambalo lazima liendelee kutolewa maji kila siku, la sivyo litajaa tena. Huko Kinderdijk, karibu na Rotterdam, vimesimama vinu vya upepo 19, vingi vyake vikiwa vimejengwa mnamo mwaka 1740, ambavyo kazi yake haikuwa kusaga nafaka bali kupandisha maji kutoka mifereji ya chini hadi ya juu, ili yamwagwe mtoni. Mwaka 1997 UNESCO iliviingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Wapiga picha wengi huondoka Kinderdijk bila kujua kwamba nyuma ya vinu hivyo kuna mamlaka iliyo hai, yaani mabaraza ya maji, ambayo baadhi ya mizizi yake hufika karne ya 13, na ambayo hadi leo, yakiwa 21 nchi nzima, huchaguliwa kwa kura, hutoza kodi yake yenyewe na huamua kina cha maji katika kila mfereji. Mwenyeji mwenye umri mkubwa akimpeleka mgeni Zeeland, kusini-magharibi, huwa na sababu nzito zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 dhoruba iliyosukuma bahari wakati wa maji makuu ilibomoa matuta ya huko, na watu 1,836 walikufa nchini humo. Taifa lilijibu kwa mradi wa miongo kadhaa wa kuziba milango ya bahari, ambao sehemu yake mashuhuri zaidi, kizuizi cha Oosterschelde chenye urefu wa takribani kilomita 9, kilizinduliwa mwaka 1986. Wavuvi wa kome na chaza pamoja na watetezi wa mazingira walipinga kufungwa kabisa kwa ghuba ya Oosterschelde, ndipo wahandisi wakaweka milango ya chuma inayoshushwa tu wakati wa dhoruba, maji ya chumvi yakabaki yakipwa na kujaa humo kama zamani. Ni vigumu kuwaza matembezi yanayofundisha zaidi kwa mgeni atokaye Lamu, Tanga au Zanzibar, ambako bahari nayo inazidi kuzila fukwe.

Mwendo wa matembezi haya mara nyingi ni wa baiskeli. Nchi ina baiskeli nyingi kuliko watu, na chini ya stesheni ya reli ya Utrecht kuna maegesho yenye nafasi 12,500 za baiskeli peke yake. Mashambani, njia panda za baiskeli zimepewa namba, kwa hiyo mwenyeji huandika namba hizo kwenye kikaratasi kwa kufuatana, na msafara hutoka namba moja hadi nyingine bila kuhitaji ramani. Mgeni asiyejua kuendesha hana sababu ya kuona haya kusema hivyo. Treni na mabasi hufika karibu kila mahali.

Majira ya kuchipua, kuanzia katikati ya Machi hadi katikati ya Mei, familia huelekea Lisse kwenye bustani ya Keukenhof, ambako takribani matunguu milioni 7 ya tulipu na maua mengine hupandwa kwa mkono kila mwaka. Hata hivyo kwa msomaji wa Kenya mahali panapogusa zaidi ni Aalsmeer, kwenye mnada mkubwa wa maua, ambapo bei huanzia juu na kushuka kwenye saa ya mnada mpaka mnunuzi wa kwanza abonyeze kitufe. Sehemu kubwa ya mawaridi yanayopita hapo yamelimwa Kenya, hasa kandokando ya Ziwa Naivasha, na kwa kuwa desturi ya Kiholanzi humtaka mgeni afike na shada la maua, huenda mtu wa Nakuru akanunua kwenye duka la stesheni maua yaliyochumwa na binti wa kwao. Inafaa ajue hivyo, na amweleze mwenyeji wake.

Tarehe 27 Aprili, siku ya kuzaliwa ya Mfalme Willem-Alexander, watu huvaa rangi ya chungwa na watoto hutandika mikeka barabarani wakiuza vitabu na vitu vya kuchezea walivyovichoka. Hakuna soko bora la kutafutia kumbukumbu za bei ndogo. Sherehe ya mkesha wa Sinterklaas, tarehe 5 Desemba, hupendwa kwa zawadi zinazofuatana na mashairi ya utani yaliyotungwa nyumbani, lakini mgeni mweusi anastahili kuelezwa mapema kuhusu msaidizi wa mtakatifu huyo, ambaye kwa muda mrefu aliigizwa na watu waliojipaka weusi usoni. Desturi hiyo iliwaumiza Waholanzi wengi wenye asili ya Afrika na Karibi, nao waliipinga hadharani kwa miaka. Miji mingi sasa imeiacha. Rafiki wa kweli hukubali kulizungumza jambo hilo mezani.

Kumbukumbu zinazofungashwa mwisho wa ziara hazina uzito sawa. Viatu vya mti, ambavyo tofauti na mtalawanda wa pwani hufunika mguu wote na kuukinga na tope la polda, leo huuzwa zaidi kwa watalii kuliko kwa wakulima, na vijumba vya kauri ambavyo shirika la ndege la KLM huwapa abiria wa daraja la juu hujazwa pombe ya mreteni. Vyombo vya buluu na vyeupe vya Delft, kwa upande mwingine, vinastahili kutazamwa kwa makini. Katika karne ya 17 meli za Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki, iliyoundwa mwaka 1602, zilileta kauri nyingi za China, na vita vilivyoambatana na kuanguka kwa ufalme wa Ming mwaka 1644 vilipoupunguza mzigo huo, wafinyanzi wa Delft waliongeza juhudi ya kuiiga kwa udongo wa kawaida, uliofunikwa kwa rangi nyeupe yenye bati na kuchorwa kwa kobalti, ambayo hugeuka buluu tanuruni. Kiwanda cha De Porceleyne Fles, kilichoanzishwa mwaka 1653, bado kinafanya kazi mjini humo. Mtu wa pwani anayekabidhiwa kigae cha Delft anapokea nakala ya kitu ambacho wazee wake walikuwa na asili yake karne kadhaa kabla ya hapo, kwani bakuli za China zilipachikwa kwenye makaburi ya mnara ya Kunduchi, na katika nyumba za mawe za Lamu vyombo hivyo vilipangwa ndani ya zidaka, yaani vishubaka vya ukutani.

Mkondo wa vitu ulikwenda pia upande wa pili. Bakuli za rangi zilizotengenezwa Maastricht katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 ziliuzwa kwa wingi Afrika Mashariki, na vipande vyake hufukuliwa na wanaakiolojia Zanzibar na Pemba. Kampuni ya Vlisco, iliyoanzishwa Helmond mwaka 1846, ilianza kwa kuiga batiki za Java, na hatimaye vitambaa vyake vikawa vazi la heshima kwa akina mama wa Kongo, Lubumbashi na Bukavu zikiwemo. Lililo karibu zaidi na Waswahili ni kwamba tangu mwishoni mwa karne ya 19 viwanda vya Haarlem, Leiden na Helmond vilichapa kanga kwa ajili ya soko la Zanzibar na pwani, vikifuata maagizo ya wafanyabiashara waliojua rangi na mapambo ambayo wanawake wa huko wangeyakubali na yale ambayo wangeyakataa. Ladha ya mwanamke wa mtaa wa Ng'ambo mjini Zanzibar au wa Mombasa ndiyo iliyoongoza mashine za Leiden.

Kwa sababu hiyo, mtu anayetaka kumpelekea rafiki wa Kiholanzi kitu cha maana hana haja ya kutafuta mbali. Nyama na vyakula vya maziwa haviruhusiwi kuingizwa na msafiri atokaye nje ya Umoja wa Ulaya, ilhali kahawa ya Kilimanjaro iliyokwisha kukaangwa hupokelewa kwa shangwe katika nchi inayokunywa kahawa kiasi hicho, na kanga hupokelewa vizuri zaidi ikiwa mtoaji amelichagua jina lake kwa uangalifu na yuko tayari kulieleza, pamoja na kueleza kwamba doti ina vipande viwili, kimoja cha kujifunga na kimoja cha kujitanda, na kwamba aliyepewa anaweza kumgawia kimoja amtakaye.