Mkono wa baba au mkono wa mama?

Jamani, kuna jambo dogo linaloweza kuwanunisha wapenzi wawili jioni nzima: kazi ya shule ya mtoto. Kaambiwa apime penseli. Kaandika sentimita 13, baba akiangalia anaona 12. Sauti inapanda, mama anasema "mwache mtoto", na hapo ugomvi unakuwa wenu ninyi wawili. Mtoto anajifunza kitu kimoja tu: rula ni balaa.

Kabla ya kusema "umekosea", muulize: "Umeanzia wapi?" Huenda aliweka ncha ya penseli kwenye 1 badala ya sifuri. Au alihesabu vistari badala ya nafasi: kutoka sifuri hadi 12 kuna vistari 13, lakini nafasi ni 12. Yaani mtoto hajawa mzembe. Hajaambiwa tu kinachohesabiwa ni nini.

Ugomvi wa zamani Tabora

Burton na Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwaka 1857, nguo ilikuwa pesa. Misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji ilibeba merikani, kaniki na shanga. Kwa nguo walilipa posho ya wapagazi, na kwa nguo walilipa hongo kwa watemi ili wapite. Kipimo kilikuwa mkono, toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ilifanya shuka, mikono minane doti.

Sasa swali: mkono wa nani? Mwenye kulipa angependa upime mfupi, mwenye kupokea angemtafuta mrefu. Rula ilitengenezwa kumaliza mabishano ya aina hiyo, na mtoto akijua hilo, rula inakuwa na maana kwake.

Jaribuni nyumbani

Kila mmoja apime meza kwa mkono wake: baba, mama, mtoto. Andikeni majibu. Yatatofautiana, na mtacheka. Muulizeni mtoto: meza imebadilika? Tungekuwa tunanunua kitambaa, nani angepunjwa? Mwacheni abishe mwenyewe mpaka aseme tunahitaji mkono mmoja wa wote. Hapo ndipo mnamletea rula.

Mwonyesheni sifuri kwa kidole. Rula nyingi za plastiki zina kipande kitupu kabla ya sifuri, kwa hiyo ukingo wa rula sio mwanzo. Kisha apitishe kidole juu ya kila nafasi huku akihesabu: moja, mbili, tatu.

Akizoea, mpeni mtihani wa rula iliyovunjika. Kitu kianze kwenye 3 na kiishie kwenye 11. Akisema 11, anasoma namba tu. Akisema 8, ameelewa. Msimfokee akikosa, rudini kwenye kidole na nafasi.

Mwisho, akate uzi wa mita moja kwa rula ya sentimita 30: rula tatu na sentimita 10 juu, akiweka alama kila rula inapoishia, pasibaki pengo wala rula isipande juu ya alama. Kwa walioko Tabora, mita nyingine iko stesheni: reli ya zamani ya kati, iliyofika mjini mwaka 1912, ina mita moja kamili kati ya chuma na chuma. Mwangalie mkiwa jukwaani, msishuke relini!

Na ninyi wawili

Kubalianeni mapema nani anakaa na mtoto leo. Mwenzio akifundisha, usimsahihishe mbele ya mtoto, subiri mkiwa wawili. Na kama mna hamu ya kubishana, bishaneni kuhusu urefu wa kitanda, kila mtu akisie namba yake. Mtoto ndiye apime, na aliyekosea zaidi aoshe vyombo.